Siku ya Kung'oa Kambi: Wasomaji Wauliza Kuhusu Safari za Gari-Nyumba

Barua zinazohusu magari-nyumba, yaani yale magari na trela zenye vitanda, jiko na choo ambazo Wamarekani huziita RV, zimeongezeka katika safu hii kadiri familia zetu zilizoko Marekani zinavyozidi kuyapenda kwa likizo za majira ya joto. Nilitarajia kuulizwa bei na mahali pa kwenda. Badala yake, wengi wenu mnaniuliza kuhusu asubuhi moja tu, ile ya kuondoka kambini, na naona mmeuliza panapostahili. Kosa la siku ya kufika hukukuta gari limesimama, nawe una jioni nzima ya kulirekebisha; kosa la siku ya kuondoka hupanda barabarani pamoja nawe, na mara nyingi wa kwanza kuliona ni dereva aliye nyuma yako.

SWALI: Ndugu Mshauri, mimi na mume wangu tunaishi Columbus, Ohio, pamoja na watoto wetu watatu. Tuna trela ya futi 26 tuliyoinunua ikiwa imetumika. Kambi nyingi hututaka tuwe tumeondoka kufikia saa tano asubuhi, lakini sisi hutoka saa saba mchana, tena tukiwa tumenuniana. Mwezi uliopita yalitufika makubwa. Tulipokuwa tunatoka langoni, gari lilipanda tuta, trela ikachomoka na kubaki imeshikiliwa na minyororo. Hakuna aliyeumia. Mume wangu anaapa kwamba alifunga kila kitu. Mimi ninachokumbuka ni kwamba alikuwa amechuchumaa pale mbele ya trela wakati jirani yetu wa kambini alipokuja kutuaga, akainuka, wakasimama wakizungumza kwa muda. Tufanyeje ili yasitokee tena? — Mama wa watatu, Columbus

JIBU: Mama, poleni sana, na tumshukuru Mungu kwamba ile minyororo ilikuwa imefungwa. Naomba usimhesabu mume wako kuwa anakudanganya. Mtu anayekatizwa katikati ya kazi aliyoizoea hubaki na kumbukumbu ya kuianza, na akili humkamilishia sehemu iliyobaki. Ukimwuliza baada ya saa moja ataapa kwa dhati kwamba aliimaliza, kwa sababu ndivyo anavyokumbuka. Nimeendesha malori kwa miaka kumi na moja katika majimbo ya katikati ya Marekani, na katika mwaka wangu wa pili niliitwa ofisini nikiwa nimekwisha kuunganisha mipira ya upepo na waya wa taa na kuinua miguu ya trela, lakini sijavuta kidogo ili kuhakikisha kwamba kufuli limekamata. Niliporudi nilipanda moja kwa moja nikaondoa gari. Trela iliangukia pua yake pale pale uwanjani. Tangu siku hiyo nina kanuni moja ambayo sijaivunja, na ndiyo ninayowapa ninyi kabla ya nyingine yoyote: aliyekatizwa, hata kwa salamu ya dakika moja, haendelei alipoachia bali anaianza kazi ile upya tangu hatua ya kwanza.

Kwetu sisi kanuni hii ni ngumu kuliko kwa wengine, maana tumelelewa tukijua kwamba mgeni husindikizwa, na kwamba anayekuja kukuaga humpi mgongo. Mkiwa kambini siku tatu mmekwisha kuwa majirani. Watoto wamecheza pamoja, sahani ya maandazi imekwenda na kurudi, na asubuhi ya safari kila mtu anakuja na neno lake. Sikushaurini muwe wakavu. Nakushaurini muage usiku wa kuamkia safari, mkiwa mmekaa kuzunguka moto, ambapo kuna nafasi ya kuombeana safari njema na kupeana namba za simu. Atakayekuja asubuhi apokelewe na mmoja wenu ambaye hashiki kitu chochote wakati huo, au aambiwe kwa upole kwamba mtapita kwake mkishamaliza. Watu wa kambini wanalielewa jambo hili kuliko unavyodhani, kwa sababu nao wamewahi kuacha kitu wazi.

Sasa nije kwenye kuunganisha kwenyewe, na hapa nitakwenda polepole. Kabari za magurudumu zinakaa mahali pake tangu mwanzo hadi karibu na mwisho. Anayeziondoa mapema ameuachia mteremko trela nzima. Trela inainuliwa kwa jeki ya mbele, gari linarudi nyuma mpaka tufe la chuma lililo nyuma yake likae chini ya kikombe cha trela, kisha trela inashushwa hadi kikombe kikalie tufe kabisa. Funga kishikio, ingiza pini yake tunduni, halafu upige goti chini na kutazama kwa macho yako: ulimi wa chuma ulio ndani ya kikombe unapaswa kuwa umeliuma tufe kwa chini. Kishikio kinaweza kushuka na pini ikaingia wakati ulimi umekalia juu ya tufe, na kutoka juu usione tofauti yoyote. Nadhani ndicho kilichotokea kwenu, au kishikio hakikufungwa kabisa.

Kipimo cha kulithibitisha hakichukui dakika mbili. Baada ya kufunga, zungusha jeki kana kwamba unataka kuinua trela tena. Ikiwa imekamata, utaona nyuma ya gari ikiinuka nayo, sentimita tano hivi, na springi zikilegea. Ikiwa haijakamata, kikombe kitainuka peke yake na kuliacha tufe, nawe utakuwa umeligundua kosa kambini na si barabarani. Baada ya hapo ndipo minyororo inapofungwa, ikipishana kwa umbo la msalaba chini ya kichwa cha trela ili kichwa kikidondoka kidakwe na minyororo kisigonge lami. Ule waya mwembamba wa breki ya dharura ufungwe sehemu yake peke yake kwenye gari, usitundikwe kwenye tufe wala kwenye minyororo, kwa kuwa kazi yake ni kuvutika na kuzishika breki za trela pale ambapo vingine vyote vimekatika. Ingiza plagi ya taa, inua jeki hadi mwisho, ndipo uondoe kabari. Mmoja akae kwenye usukani akikanyaga breki na kuwasha indiketa, mwingine asimame nyuma na kutaja anachokiona. Mkisogea mita chache za kwanza, bonyezeni breki za trela peke yake kwa kile kidhibiti cha mkononi ili msikie trela ikilivuta gari nyuma.

Jambo jingine la kutazama ni uzito. Kichwa cha trela kinapaswa kulikandamiza gari kwa asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa trela yote. Familia yenye watoto watatu hupakia kila kitu cha mwisho mahali penye nafasi, na mahali hapo aghalabu huwa nyuma kabisa: baiskeli, viti, makreti ya soda. Nyuma ikizidiwa, trela huanza kuyumba mnapoongeza mwendo. Vitu vizito viwe juu ya ekseli au mbele yake kidogo.

Kuhusu kununiana na kuchelewa, nasema kama mtu aliyeoa: gawaneni kazi kwa mipaka, si kwa kusaidiana. Mmoja awe na nje, mwingine awe na ndani, na asiwepo anayemfuata mwenzake kumwuliza kama amekumbuka hiki au kile. Kila mmoja akishamaliza upande wake, mnabadilishana na kukagua upande wa mwenzako ukiwa umekwisha. Mume wako akirudisha gari nyuma, awe na utingo mmoja tu, vioo vikiwa vimeshushwa na redio imezimwa, na asipomwona utingo kwenye kioo cha pembeni asimame papo hapo. Watoto wakae sehemu moja inayojulikana, mezani kwa mfano, na mkubwa wao apewe jukumu la kuwashika.

Saa mnazozihitaji mtazipata jioni iliyotangulia. Turubai la kivuli lizungushwe likiwa kavu, maana likikunjwa na umande huota ukungu. Viti, mkeka, taa za nje na vitu vya kuchezea viingie ndani kabla hamjalala. Tairi zipimwe upepo alfajiri zikiwa bado za baridi, kwa kuwa jua likishazipiga kipimo kinapanda na kukudanganya. Tazameni pia ubavuni mwa tairi, kwani tairi nyingi za trela zimetengenezwa kwa mwendo usiozidi maili 65 kwa saa, ambazo ni kama kilomita 105, hata kama gari linaloivuta linaweza zaidi. Kile chumba cha ubavuni kinachosukumwa nje kirudishwe kabla hamjachomoa umeme, kwa sababu mota yake inanyonya betri, na mmoja asimame ndani kuangalia kwamba hakuna kiatu wala mkono wa mtoto njiani mwake. Kwenye nguzo ya umeme, zima kiyoyozi, zima swichi ya nguzo, ndipo uvute plagi kwa kuishika plagi yenyewe. Ukiichomoa huku mzigo unavuta, cheche huziunguza ncha zake kidogo kidogo, na siku moja utaona plastiki imeyeyuka. Mkianza saa mbili na nusu, mkiwa mmekwisha kunywa chai, saa nne na nusu mtakuwa mnasubiriana ndani ya gari.

SWALI: Shikamoo Mzee. Sisi ni vijana wanne tunaoishi Dallas. Tulikodi gari-nyumba kwa siku tano, na kambi yetu ilikuwa na tundu la majitaka pale pale kiwanjani, kwa hiyo tuliunganisha mpira na kuiacha koki ya tangi la choo wazi muda wote ili tusipate usumbufu. Siku ya kuondoka, kipimo kilionyesha kwamba tangi limejaa ingawa lilikuwa wazi siku zote, na tuliporudisha gari tulitozwa fedha za kulisafisha. Tulikosea wapi? — Kijana wa Dallas

JIBU: Marahaba kijana wangu. Mlikosea siku ya kwanza, ila mkajua siku ya tano. Koki ya tangi la choo ikiwa wazi, maji hutiririka na kwenda zake, lakini vitu vigumu na karatasi hubaki, vikarundikana chini ya bakuli la choo na kukauka kama udongo wa kichuguu. Kipimo kikaendelea kusema limejaa kwa sababu uchafu umevigandia vile vitambuzi vilivyo ukutani mwa tangi. Tangi la choo halihitaji kuwa wazi. Linahitaji kufungwa mpaka lifike angalau theluthi mbili, ili siku ya kulifungua maji yawe mengi na yatoke kwa nguvu ya kubeba kila kitu.

Gari-nyumba huwa na matangi mawili ya maji machafu, moja la choo na jingine la sinki na bafu. Siku moja kabla ya safari, ifungeni na koki ya lile la pili ili mlikusanyie maji. Asubuhi, aliyeteuliwa kwa kazi hii avae glavu, aufunge mpira kwenye gari kwa kuuzungusha hadi meno yake yakamate, na auingize mwisho wake wa pili tunduni na kuukandamiza kwa jiwe au kitu kizito, kwa maana nguvu ya kwanza ya maji hurusha mpira. Koki ya choo ifunguliwe kwanza, kwa mvuto mmoja, na iachwe mpaka sauti ya maji iishe kabisa. Ifungeni. Ndipo mfungue ile ya sinki na bafu, na maji yale ya sabuni yatausafisha mpira mlioutumia. Kisha mimineni maji kiasi kwenye choo pamoja na dawa yake, ili tangi lisisafiri likiwa kavu.

Kuna la kuangalia zaidi ya hayo, nami nalisisitiza kwa kuwa linahusu afya. Penye kituo cha kumwagia majitaka kwa kawaida kuna bomba la kuoshea mpira na eneo hilo, na bomba hilo huwa na kibao kinachosema kwamba maji yake si ya kunywa. Watu hulishika kwa mikono iliyotoka kwenye uchafu, na wapo wanaoingiza kinywa chake ndani ya mpira wa choo. Usijaze hapo maji ya kunywa hata kama una kiu ya namna gani. Mpira wa maji ya kunywa huwa mweupe au wa buluu, na unapaswa kuwa na kapu lake, upande wake wa gari, na mtu wake. Sisi tuliofundishwa tangu utotoni kazi ya mkono wa kulia na ya mkono wa kushoto hatupaswi kupata shida ya kulielewa hili. Ikiwezekana, anayefungua maji ya kunywa asiwe yule aliyevaa glavu.

Msiondoke na matangi yaliyojaa mkidhani mtayamwaga mbele. Galoni moja ya maji ina uzito wa karibu kilo 3.8, hivyo tangi la galoni 40 ni kilo 150 zinazochezacheza chini yenu kila mnapokata kona. Na mnapokodi tena, someni mkataba kabla ya safari mjue gari linatakiwa kurudishwa katika hali gani.

SWALI: Mwanangu Mshauri, mimi ni bibi kutoka Tanga, nimekuja Minnesota kumwona binti yangu na wajukuu. Mwezi huu wamenichukua kwa trela hadi Badlands, kule South Dakota, nami nimefurahi mno. Shida yangu ni asubuhi ya kuondoka. Wote wanakimbia huku na huko, nami naambiwa, "Mama, wewe kaa tu garini." Sijazoea kukaa wenzangu wakifanya kazi. Karatasi yao ya mambo ya kukagua imeandikwa Kiingereza, siisomi vizuri. Je, hakuna kazi ninayoweza kuifanya? Na je, trela ikienda, siwezi kujilaza kwenye kitanda changu mle ndani? Mgongo wangu haupendi viti. — Bibi wa Tanga

JIBU: Shikamoo Bibi. Nianze na kitanda, kwa kuwa ni suala la uhai. Tafadhali usipande ndani ya trela inapokokotwa. Majimbo mengi yanakataza, na hata pasipokatazwa, mle ndani hamna mkanda wala kiti kilichotengenezwa kwa ajili ya abiria, na dereva hawezi kukusikia ukiita. Mwambie binti yako akuwekee mto mgongoni na asimamishe gari kila baada ya saa moja na nusu ili unyooshe miguu. Madereva wengi wazoefu wa safari hizi hawapendi kuzidisha maili 300 kwa siku, na hupenda kuwa wamefika kabla ya alasiri kuisha. Mgongo wako ni sababu nzuri ya kuwafanya wanao wafuate mwendo huo.

Kuhusu kazi, Bibi, ningekukabidhi ndani yote. Trela ikiwa barabarani ni kama nyumba inayopita tetemeko la ardhi saa nne mfululizo, na mtu anayejua kufunga jiko lisivunje kitu ni yule aliyewahi kuhama na vyombo vyake kwenye gari la mizigo. Amka mapema uchemshe chai na kuijaza kwenye chupa, upike chapati za njiani, maana ukishamaliza, gesi itafungwa kwenye mtungi wake nje na haitafunguliwa mpaka mfike. Jokofu likifungwa vizuri hukaa na baridi yake kwa saa kadhaa, kwa hiyo usiwe na wasiwasi na nyama. Ila hakikisha kitasa chake kimebana, kwani jokofu likifunguka njiani mtakuta maziwa na mayai sakafuni. Ile sahani ya kioo inayozunguka ndani ya mikrowevu itoe, uizungushie kanga na kuilaza kitandani. Sufuria ziwe kabati la chini, zikitenganishwa na taulo. Kila mlango wa kabati usukume kwa kiganja hadi usikie mlio wake. Usiuamini kwa macho. Mlango wa bafu ufungwe, matundu ya darini na madirisha yafungwe, hita ya maji izimwe. Kama trela ina antena ya kuinuliwa kwa mkono, hakikisha imeshushwa chini kabisa, maana antena iliyosahauliwa juu hukatwa na tawi la kwanza.

Ile karatasi ya Kiingereza, mwambie mjukuu akae nawe jioni mwandike yenu kwa Kiswahili, kwa mpangilio unaoufuata wewe mwenyewe kutoka mlangoni hadi kitandani. Asubuhi mjukuu asome kwa sauti, nawe usiseme "tayari" mpaka mkono wako umekigusa kile kitu. Kusema kwa kukumbuka hakuhesabiki.

Kisha ninayo kazi ya mwisho kwa ajili yako, ambayo nadhani binti yako ataipokea kwa shukrani. Gari likiwa tayari na wote wamekaa, wewe uwe wa mwisho kupanda. Zunguka kiwanja chote taratibu, ukitazama chini, halafu juu, halafu chini ya trela. Familia zetu huvua viatu mlangoni, na katika kambi nilizopita nimekuta kandambili za watoto wa Kiafrika zimebaki zimepangwa kwa heshima kubwa mbele ya kiwanja kitupu. Tazama kama ngazi ya mlango imekunjwa, kama kuna mpira wa maji ulioachwa bombani, kama mambo za hema zimeng'olewa, kama kipande cha mbao kimebaki chini ya gurudumu. Dereva asiwashe gari kabla hujapanda.

SWALI: Naishi Delaware na kila mara napita barabara kuu ya I-95 kwenda Virginia kwa ndugu zangu. Safari hii nitakuwa na trela yenye mitungi miwili ya gesi. Rafiki ameniambia nitazuiwa Baltimore. Je, ni kweli hata nikiifunga mitungi kabla ya kuondoka? — Msafiri wa I-95

JIBU: Ni kweli, na kufunga mitungi hakusaidii. Mahandaki mawili ya Baltimore, lile la Fort McHenry kwenye I-95 na lile la Baltimore Harbor kwenye I-895, hayaruhusu gari lenye mtungi wa gesi unaozidi paundi 10, yaani kilo nne na nusu hivi, na mitungi ya kawaida ya trela ni ya paundi 20 au 30. Zamani jibu lilikuwa rahisi: ulipita daraja la Francis Scott Key upande wa mashariki. Daraja hilo lilianguka tarehe 26 Machi 2024 baada ya kugongwa na meli ya mizigo iitwayo Dali, na wafanyakazi sita waliokuwa wakilikarabati usiku ule walipoteza maisha. Maelekezo ya zamani yanayokutaka upite pale bado yanazunguka, kwa hiyo usiyafuate kwa mazoea. Shika barabara ya mzunguko ya I-695 kwa upande wa magharibi, uongeze muda katika hesabu yako, na uiandike njia hiyo kabla ya kutoka nyumbani, kwa sababu ramani ya simu iliyozoea gari dogo itakupeleka moja kwa moja handakini.

Ukiwa unapanga njia, andika pia urefu wa trela yako kwenda juu, pamoja na kiyoyozi kilicho darini, na uubandike mbele ya usukani. Katika mji wa Durham, North Carolina, lipo daraja la reli ambalo kwa miaka mingi lilikuwa na nafasi ya futi 11 na inchi 8 tu na likawa limekwangua madari ya malori na magari-nyumba mengi. Mwaka 2019 liliinuliwa hadi futi 12 na inchi 4, na trela kadhaa bado ni ndefu kuliko hapo.

SWALI: Tumebakiwa na kuni nusu gunia tulizonunua kambini kaskazini mwa Michigan. Mume wangu anasema ni israfu kuziacha, tuzibebe hadi kambi inayofuata Indiana. Nimsikilize? — Msomaji wa Grand Rapids

JIBU: Katika hili usimsikilize, ingawa namwelewa, maana hata mimi nililelewa katika nyumba ambayo ukuni haukutupwa. Chini ya magome ya kuni hujificha mabuu ya wadudu wanaoua miti. Mwaka 2002, huko huko Michigan, karibu na Detroit, aligunduliwa mbawakawa wa kijani mwenye asili ya Asia ambaye tangu hapo ameangamiza makumi ya mamilioni ya miti aina ya ash katika Amerika ya Kaskazini, na njia mojawapo kubwa iliyomfikisha mbali kuliko mabawa yake ni kuni zilizobebwa na wasafiri kama sisi. Kuni zinunuliwe zinapochomwa. Zilizobaki mpe jirani wa kambini ambaye bado ana usiku mwingine hapo, au mwulize msimamizi mahali pa kuziacha.

Na kabla hamjaondoka, mimineni maji kwenye majivu ya jana hata kama yanaonekana yamelala, yakorogeni kwa kijiti mpaka kwenye udongo, mmimine tena, kisha ulete mgongo wa kiganja karibu nayo. Ukihisi joto, bado kuna ndoo moja ya maji ya kumwaga.